Maikrofoni Moja

Nina pauni tisini na tano,
jasho la zamu tatu za usiku wodini,
na mahitaji yanayonizidi kimo:
kodiani ya baba, fidla ya binti yangu Mabli,
sauti yangu nikisoma barua za shangazi Heulwen,
na ule wimbo wa machimboni
ambao baba kabaki nao peke yake, beti saba,
mbili zimeshaanza kumtoroka.
Vyote hivyo vipite katika tundu moja.
Mshika mawili moja humponyoka;
mimi hilo la pili sina hata la kulitamani.

Iestyn, muuza vyombo vilivyotumika kule Porthmadog,
hakunitajia namba wala michoro ya mawimbi.
Aliuliza: "Nyumba yako ina kelele gani?"
Nikacheka. Hapa Blaenau mvua haina msimu, ina mkataba.
Paa letu ni la vigae vya mawe, kila tone lagonga hodi.
Friji inaguna. Kisha kuna Nel,
mbwa wa jirani, mwenye maoni kuhusu kila gari.
"Basi chukua zote mbili," akasema.
"Niachie leseni yako. Jumatatu uniletee moja."

Ya kwanza rangi ya fedha, nyembamba, ya kondensa,
mpaka ilishwe umeme ndipo ifungue masikio.
Ikifungua, haifungi.
Fidla ya Mabli ilikuja na vumbi la ulimbo juu ya nyuzi,
nikasikia nywele za farasi zikikwaruza, nikasisimka.
Lakini ikaleta na mvua, ikaleta na friji,
ikaleta birika la Bi Prydderch ng'ambo ya ukuta,
na tumbo langu lililokosa chakula cha mchana.
Umbea wa kitaalamu.

Kisha baba akaimba ubeti wa kwanza,
nami, spika zimenibana masikio,
nikasikia kitu kati ya mstari na mstari:
filimbi ndogo, chini kabisa kifuani,
kama upepo unaotafuta ufa wa dirisha.
Miaka kumi na tisa nauguza vifua vya watu.
Cha kwetu sikuwahi kukisikia,
kwa kuwa nyumbani twaongea kwa kupigiana kelele:
baruti za machimbo zilimla baba masikio.

"Vipi?" akauliza.
"Safi," nikasema, nikaandika tarehe.

Ya pili nyeusi, nzito kama mchi,
pauni sitini na tano, ina bonyeo shavuni
ilipowahi kuanguka jukwaani, ikaendelea na kazi.
Hii nusu kiziwi. Mvua haiijui.
Nel abweke mpaka achoke.
Ukisimama mbali huambulii kitu;
sharti usogee, vidole vinne kutoka mdomoni,
uiambie kama unavyomwambia mtu siri.
Kwa kodiani nikaishusha usawa wa goti la baba.
Kwa fidla ikapoteza kidogo ule mng'aro;
Mabli akanuna, kisha akapiga kwa nguvu zaidi.

Jumatatu nikairudisha ya fedha.
Iestyn akauliza sababu. Nikasema nyumba ina kelele.
Pauni thelathini zilizobaki: waya, stendi,
na pazia zito la mtumba la kuning'iniza nyuma ya kiti.
Nikiwa bado mlangoni kwake nikampigia daktari:
Alhamisi, saa nne na nusu.

Jumatano usiku baba akaketi ndani ya kabati la nguo,
makoti yamemzunguka kama kwaya iliyosinzia,
pua karibu iguse chuma.
Ubeti wa tano ukamkimbia katikati.
Akatamka neno ambalo halimo katika wimbo,
akacheka, kicheko kikageuka kikohozi,
kikakaa humo muda.

Maikrofoni haikuisikia filimbi.
Mimi naisikia sasa hata nikiosha vyombo.
Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta.
Nikakiondoa.
"Tena," nikamwambia. "Sogea zaidi."